Njia Imepanuka

Mtu mzima akisema mbele za watu kwamba hucheza na treni, hutazamwa mara mbili. Mimi nimetazamwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30 na nimekwisha kuzoea. Katika kabati la chumba changu kuna visanduku 14 vya plastiki, na ndani yake mabehewa ya Kijapani yaliyofanywa madogo mara 150 kuliko yale ya kweli. Mke wangu huyaita "vyombo vya Japani," kana kwamba ni vikombe vya wageni, na kwa hakika yanatunzwa kuliko vikombe vya wageni. Wajukuu hawaoni ajabu kwamba babu yao ana treni. Ajabu yao ni kwamba hawaruhusiwi kuzigusa.

Nikiulizwa nilianzaje, huwa najibu kwa mkato kwamba nilijifunza nilipokuwa masomoni. Jibu hilo ni la kweli lakini halijakamilika, maana linaacha nje mabati ya nyumba ya baba yangu. Leo nitaeleza habari yote, na msomaji atanisamehe nikikawia kwenye rangi na magurudumu, kwa sababu huko ndiko mambo yenyewe yalikotokea.

Nilifika Nagoya mwaka 1988 kwa msaada wa masomo wa serikali ya Japani. Kwanza tulifundishwa lugha, kisha nikaingia katika uhandisi wa mitambo. Mwaka uliofuata nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao ya mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Nilimwita Ojisan, kama Wajapani wanavyomwita mwanamume wa rika la baba mdogo au mjomba. Yeye aliniita Gakusei-san, yaani Bwana Mwanafunzi, na hakuacha kuniita hivyo hata nilipokwisha kuhitimu.

Usiku wa kwanza nilisikia sauti kutoka chini, nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Ilikuwa ikienda na kurudi. Usiku wa tatu nikashuka kwa kisingizio cha kuomba maji ya moto, nikamkuta Ojisan amelala kifudifudi juu ya mikeka, shavu lake limegusa sakafu, akitazama behewa dogo jekundu likija kumwelekea usoni. Hakuona haya. Alinionyesha kwa mkono nilale upande wa pili, nami nikalala. Ukiwa umelaza kichwa sakafuni, kitu cha urefu wa kidole kinageuka kuwa treni.

Ojisan alikuwa fundi rangi. Alikuwa amepaka mabehewa katika karakana ya shirika la reli la taifa mpaka siku zake za mwisho kazini, na shirika lenyewe lilivunjwa tarehe 1 Aprili 1987 na kugawanywa katika makampuni saba, sita ya abiria na moja la mizigo. Alizungumza habari ya tarehe hiyo kama watu wengine wanavyozungumza habari ya msiba. Nilipomwambia kwamba baba yangu naye ni mtu wa reli, mnyapara wa genge la njia huko Mlimba kwenye reli ya TAZARA, aliuliza swali moja tu: upana gani? Nikamwambia milimita 1,067, sawa na futi tatu na inchi sita. Akainuka akaketi. Upana huo ndio walioutumia Wajapani katika reli yao ya kwanza, kati ya Shimbashi na Yokohama, mwaka 1872, na ndio wa njia zao nyingi za kawaida hata leo; treni ya mwendo wa kasi ya Shinkansen ndiyo iliyopewa milimita 1,435 ilipoanza mwaka 1964. Basi kuanzia usiku ule nilihesabiwa kuwa jamaa.

Niseme kidogo juu ya vitu vyenyewe. Wajapani wengi wenye hobi hii hutumia reli ambayo upana wake ni milimita 9, nao huiita N. Kampuni ya KATO ilitoa treni yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1965, kichwa cha mvuke cha aina ya C50, na mwaka 1976 wakaja Tomix. Zipo pia kampuni kama Greenmax zinazouza kuta za behewa zikiwa plastiki tupu, bila rangi, ukajijengee mwenyewe. Umeme ni wa volti 12, unaopita kwenye reli zenyewe na kuingia kwa magurudumu. Nyumba za mijini ni ndogo, kwa hiyo wengi huzitandaza reli sakafuni jioni na kuzikunja kabla ya kulala. Adui mkubwa ni nywele. Unywele mmoja ukizunguka ekseli, utatumia usiku mzima na kibano kuuondoa.

Behewa ambalo Ojisan alilipenda kuliko yote liliitwa KiHa 40. Ki ni kusema kwamba linajiendesha kwa injini yake, Ha ni daraja la kawaida. Halina kichwa cha kulivuta. Injini ya dizeli imo chini ya sakafu, na dereva hukaa penye pembe. Aina hiyo ilijengwa kati ya 1977 na 1982, ikapelekwa mashambani na milimani, mahali ambapo nyaya za umeme hazikufika. Iliyokuwa ikienda kutoka Gifu hadi Takayama, ndani ya mabonde yenye theluji, ndiyo aliyoijua. Zilipakwa rangi moja tu nyekundu inayoelekea kwenye chungwa, kwa sababu shirika lilikuwa na madeni na rangi moja ni rahisi kuliko mbili. Wapenzi wa treni waliidhihaki rangi hiyo kwa jina la mayai ya samaki. Ojisan hakuidhihaki. Alikuwa ameipaka kwa mikono yake.

Na hapa ndipo nilipoingia shuleni kwa mara ya pili. Behewa la dukani huja na rangi nzuri, sawasawa kila mahali, inang'aa. Ojisan alikuwa akilinunua, analitazama siku mbili, kisha anaivua rangi yote. Aliivua kwa maji ambayo wenye magari humimina katika tangi la petroli ili kuondoa unyevu. Ndani yake mna spiriti kali, na ni ya bei ndogo kuliko dawa inayouzwa kwa kazi hiyo. Unalaza ganda la behewa ndani ya chombo chenye kifuniko, unasubiri, na rangi ya kiwanda inajikunja kama ngozi ya maziwa. Halafu unasugua kwa mswaki wa zamani mpaka plastiki ibaki uchi.

Nilimwuliza, kwa nini kuvua rangi nyekundu ili upake nyekundu? Akanijibu kwamba ile ni rangi ya siku moja. Ni ya siku behewa lilipotoka karakana, na siku hiyo hakuna abiria aliyelipanda.

Yeye alitaka siku nyingine. Alikuwa na jina la mwezi na mwaka: Februari 1986, asubuhi, kituoni Takayama. Rangi nyekundu ile haichakai sawasawa, alinifundisha. Inapauka kwanza pembezoni mwa paa, ambako jua linapiga na maji yanapita. Chini ya madirisha kuna michirizi. Karibu na mlango kuna weusi wa mikono ya watu waliojishikilia. Sehemu za chini hugeuka kahawia, na kahawia hiyo si matope. Ni unga wa chuma unaotoka kwenye breki. Juu ya paa penye bomba la moshi kuna doa ambalo haliwi jeusi kabisa isipokuwa katikati. Kwa haya yote alichanganya nyekundu tatu zenye weupe wa viwango mbalimbali, akazipulizia moja juu ya nyingine kwa makopo, kisha akapitisha rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana na kuifuta kwa pamba, ibaki kwenye mifereji tu. Mwisho alikwangua chaki ya rangi kwa kisu na kuupaka unga wake kwa brashi ya vipodozi iliyokuwa ya marehemu mkewe. Namba za behewa zilikuwa herufi za kusugua, ndogo kiasi kwamba alishika pumzi. Namba ikikaa upande, alivua tena ukuta mzima.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa shida. Katika muda wa mwaka mmoja nilikuwa na mabehewa yangu mawili ya KiHa 40, moja lenye mota na moja la kukokotwa tu. Nikabadilisha viungio vyake, kwa maana vile vya asili vilikuwa ndoana kubwa za kuchukiza zisizofanana na kitu chochote chini ya jua. Kisha nikaanza kutamani kipulizio cha kweli cha rangi. Kipulizio hicho huhitaji hewa, na hewa ya kopo hupoa na kuisha nguvu katikati ya kazi, rangi ikatoka kwa matone. Kinachohitajika ni kompresa. Ojisan hakuwa nayo wala hakuitaka. Alisema ina kelele ya karakana, na karakana amekwisha kustaafu.

Mwanzoni mwa 1991 ikaja barua ya baba. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na mwenye kustaafu huondoka katika nyumba ya kampuni. Alikuwa amejenga nyumba yake ya vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, kuta zimekwisha, na juu ameezeka nyasi kwa muda. Aliuliza kama ninaweza kumsaidia mabati. Hakutaja idadi. Baba hakuwa mtu wa kuomba, na barua ile ilikuwa na mistari minne tu juu ya jambo hilo, ikifuatiwa na salamu ndefu za majirani, kana kwamba alitaka kuifunika aibu yake kwa majina ya watu.

Nilikuwa na akiba. Nikajiambia kwamba mvua ziko mbali na kwamba nitatuma mwezi ujao. Jumamosi ile ile nikaenda mtaa wa Osu, kwenye maduka ya vifaa vya umeme na vya hobi, nikanunua kompresa kwa yen 32,000, pamoja na yen 960 za kodi ile ya asilimia 3 iliyoanzishwa Aprili 1989. Nakumbuka zile 960 kuliko zile 32,000. Muuzaji alinipa risiti kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata sikutuma. Wala uliofuata huo.

Agosti mwaka huo nikapata likizo ya kwenda nyumbani. Katika mkoba wangu nilibeba behewa lile lenye mota, kazi ya majuma matatu, Februari 1986 kamili, pamoja na vipande vya reli vya kutosha kufanya duara. Nilitaka baba aone kwamba kule nilikokuwa nilikuwa karibu na kazi yake. Nilijisadikisha hivyo katika ndege, na nikajisadikisha tena usiku kucha katika treni kutoka Dar es Salaam.

Nyumba ya kampuni pale Mlimba haikuwa na umeme wa kutegemewa, kwa hiyo nilinunua betri nane za tochi. Kila moja volti moja na nusu, zikipangwa kwa mstari zinatoa 12. Nilizifunga katika bomba la karatasi ngumu, nikatandaza reli juu ya meza, majirani wakajaa mlangoni, na behewa likaenda. Watoto walipiga kelele. Mzee mmoja dereva alisema sauti ya magurudumu ni ndogo mno. Baba alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, kama asimamavyo genge linapokaza skrubu.

Akaja karibu. Akainama, na kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa behewa. Aliweka kidole chake cha shahada kukatisha reli mbili, akakiinua, akakilinganisha na mlango wa behewa.

"Njia yenu hii imepanuka," alisema. "Kwa mlango ulivyo, imepanuka karibu futi moja. Treni itaanguka."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, nikaeleza kwamba ni mchezo tu. Kisha baba akalichukua behewa mkononi, akaligeuza polepole kwenye mwanga, akapitisha ukucha chini ya madirisha, mahali nilipokuwa nimejitahidi kuliko mahali pote.

"Na behewa lenyewe wamekuuzia kuukuu, mwanangu. Tazama rangi ilivyochakaa. Umelipa kiasi gani?"

Macho ya watu yote yalikuwa kwangu. Ningeweza kusema kwamba uchakavu ule ndio ufundi wenyewe. Badala yake nikasikia kinywa changu kikisema kwamba sikulipa kitu, kwamba ni zawadi kutoka kwa mzee mwenye nyumba, mtu wa reli kama yeye. Baba akatikisa kichwa kwa heshima. Jioni tukaenda kuiona nyumba yake. Nyasi zilikuwa nyeusi kwa mvua zilizopita, na katika chumba cha tatu ukuta ulikuwa umeanza kula upande mmoja. Hakunikumbusha barua. Nilimwambia kwamba mwaka ule vitabu vilikuwa ghali, naye akasema, "Elimu kwanza." Nikamwachia behewa na reli zake.

Desemba ikaja barua Nagoya, juu ya bahasha jina la Ojisan kwa herufi kubwa, nayo imeandikwa kwa Kiswahili. Ojisan aliniwekea mezani akaomba nimsomee. Tulikuwa tumekaa kwenye ile meza fupi yenye blanketi na moto chini yake, miguu ndani, mandarini kwenye sahani.

Baba alikuwa ameandika kama anavyoandika ripoti. Juu aliweka YAH: HALI YA NJIA. Aya ya kwanza ilimshukuru kwa zawadi ya treni aliyompa mwanawe, na kwa kumtunza mtoto wa mwenziwe wa reli ugenini. Aya ya pili ilieleza kwamba baada ya kukagua alikuta upana wa njia umezidi kwa kiasi cha futi moja kasoro kidogo, na kwa heshima anashauri isipitishwe treni mpaka irekebishwe. Aya ya tatu ilisema kwamba yeye hana cha kutuma kwa sasa kwa kuwa anajitahidi kuezeka, lakini Mungu akijalia atatuma mchele wa Kilombero.

Ningeweza kutafsiri vinginevyo. Ojisan hakujua hata neno moja la Kiswahili. Nilianza na aya ya pili, na hapo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapiga meza, akasema huyu ni mtu wa njia, huyu ni mtu wa njia. Kwa maana yeye alikuwa akijua siku zote. Chukua milimita 9 uzidishe kwa 150, utapata 1,350. Njia ya kweli ni 1,067. Kuna ziada ya milimita 283, inchi 11 na kidogo. Wenye hobi wote wa Japani wanalijua hilo na wamekubali kuishi nalo, kwa sababu ya urahisi wa kiwanda, na huo ndio uongo ambao hauzungumzwi mezani. Baba alikuwa ameukamata kwa kidole chake, bila kuambiwa hata treni ile imepunguzwa mara ngapi.

Kisha Ojisan akauliza, je, aya ya kwanza inasema nini?

Nikamtafsiria. Na nilipomaliza nikaendelea, nikamweleza barua ya mabati, na Jumamosi ya Osu, na kile kilichokuwa chini ya kitanda changu kikifunikwa kwa taulo. Alimenya mandarini moja lote, akaondoa nyuzi zake nyeupe moja moja.

"Mimi sikutoa zawadi," akasema mwishowe. "Siwezi kupokea shukrani ya mtu wa reli kwa kitu ambacho sikukitoa. Andika ukweli, Gakusei-san. Nami nitatia muhuri."

Wajapani hawatii saini kama sisi. Kila mtu ana muhuri wake mdogo wenye jina, unaochovywa katika wino mwekundu. Niliandika barua ile mara nne usiku ule. Ya nne ilikuwa fupi. Nilisema bei ya kompresa kwa yen, na tarehe niliyoinunua, na tarehe niliyopokea barua yake. Ojisan, ambaye hakuweza kuisoma, aliipokea, akauliza kama ni yote, nikasema ni yote, akaipiga muhuri chini kama shahidi. Pembeni alituma ujumbe wake mwenyewe, ambao niliuandika kama alivyonitamkia: kwamba ripoti juu ya hali ya njia imepokewa, na marekebisho yataanza mara moja.

Kompresa ilirudi Osu, duka jingine, la vitu vilivyotumika. Nilipewa yen 15,000. Niliongeza kutoka katika posho ya miezi mitatu, nikala tambi, na fedha ikaenda Mlimba. Ilitosha mabati ya vyumba viwili. Baba alijibu kwa mstari mmoja: "Nimepokea." Juu ya ile barua yenye muhuri hakusema neno, na kwa miezi minane hakuniandikia tena.

Ojisan alikuwa na maana halisi aliposema marekebisho. Wako watu wachache Japani wenye subira ya ajabu, ambao hutengeneza kwa mkono reli ya milimita 7, ili behewa la mara 150 likae juu ya njia yake ya haki. Tulinunua vibao vya saketi za umeme, vile vyenye ngozi ya shaba, tukavikata vipande vyembamba kuwa mataruma. Katikati ya kila taruma tulikwangua shaba kwa msumeno, ili umeme wa reli moja usivuke kwenda ya pili, ingawa tulijua kwamba hakuna umeme utakaopita pale. Ojisan alisisitiza. Alichonga geji kutoka kwenye kipande cha shaba, mifereji miwili, na kila baada ya taruma tatu alipima. Nilichoma risasi, nikaichoma vibaya, nikaitoa, nikaichoma tena. Magurudumu ya behewa langu la pili, lile lisilo na mota, tuliyasukuma ndani juu ya ekseli zake, kila upande sawa, mpaka yakaingia. Lile lenye mota lisingewezekana, kwa kuwa gia zake ziko katikati ya ekseli. Kazi ile yote, ya reli yenye urefu wa sentimita 30 na treni isiyokwenda popote, ilichukua majira mawili ya baridi.

Miaka mingi baadaye nilisoma jambo lililonichekesha peke yangu. Kampuni iliyorithi njia ya Takayama iliondoa KiHa 40 zake za mwisho kazini mwaka 2016, na baadhi ya mabehewa ya ukoo ule yakauzwa Myanmar, ambako reli ni ya mita moja. Ilibidi magurudumu yasogezwe ndani juu ya ekseli. Ojisan hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 2003. Binti yake alinitumia brashi ile ya vipodozi, ikiwa bado na unga wa kahawia.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja mwaka 1994. Baba alikuwa amekwisha kuhamia nyumbani kwake. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza habari za safari, na hakuna aliyegusa jambo lile. Lile behewa la kwanza lilikuwa juu ya rafu, limefunikwa kitambaa, betri zimevuja zamani. Baada ya chakula nilifungua sanduku la Ojisan, nikaweka mezani kipande kile cha njia na behewa juu yake.

Baba alivaa miwani, ambayo ilikuwa mpya kwangu. Akaomba kiberiti. Alidhani, pengine, nami nilidhani, kwamba anataka kuwasha taa. Akatoa njiti moja, akaikata kwa kisu, akaipima kwenye reli mwanzo, akaikata tena kidogo, mpaka ikakaa sawasawa. Kisha akaishika njiti ile kati ya vidole viwili na kuipitisha polepole kutoka taruma la kwanza hadi la mwisho, akilisogeza behewa mbele kwa kidole kidogo, huku kichwa chake kimelala juu ya meza, shavu limegusa ubao. Alirudi nayo tena kutoka mwisho hadi mwanzo.

"Inapita," akasema. "Mwambie mwenzangu inapita."

Akaitia njiti katika mfuko wa shati. Halafu akavua miwani, akatazama juu, upande wa chumba cha tatu ambacho bado kilikuwa cha nyasi, akaniuliza mabati yaliyobaki yatakuja lini.